Safari ya Desemba ikikwama uwanjani, dawa ya mtoto iko begi gani?

Ni saa 3:40 usiku katika Uwanja wa Ndege wa Schiphol, Amsterdam. Theluji imekuwa ikianguka tangu alfajiri. Mama mmoja wa Kitanzania anayeishi Manchester, Uingereza, amekaa sakafuni karibu na soketi ya umeme, simu yake imebaki na chaji asilimia tisa. Mtoto wake mdogo wa mwaka mmoja na nusu amelala juu ya sweta. Mkubwa, mwenye miaka saba, anakohoa.

Saa hizi walitakiwa wawe wameshatua Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Baba mdogo alishakodi Noah ya kuwapokea, na bibi yao Marangu alikuwa akipiga simu kila baada ya nusu saa kuuliza wamefika wapi. Lakini ndege ya asubuhi kutoka Manchester ilichelewa saa tatu, ya Kilimanjaro ikaondoka bila wao, na nafasi inayofuata ni keshokutwa.

"Mama, kifua kinabana," anasema yule mkubwa.

Mama anavuta mkoba wake, kisha anakumbuka. Pampu ya pumu, ambayo wengi huiita inhela, ipo kwenye begi la matairi. Aliiweka humo makusudi ili iwe karibu. Ila kule Manchester, getini, mhudumu alisema ndege imejaa na mabegi ya matairi yaende chini kwenye mizigo. Likafungwa lebo ya kwenda hadi KIA.

Familia hii ni ya mfano, lakini yaliyowakuta huwakuta wasafiri wengi kila msimu wa baridi. Familia za Kitanzania zinazoishi Ulaya na Marekani husubiri Desemba ili kurudi nyumbani kula Krismasi na mwaka mpya na ndugu, na Desemba ndiyo miezi ya theluji huko. Mzazi hawezi kuizuia theluji. Anachoweza ni kuamua, kabla ya kutoka nyumbani, ni kitu gani kisichotakiwa kumtoka mkononi hata mambo yaharibike vipi.

Theluji imekoma, mbona ndege haziruki?

Hili ni swali linalowachosha wazazi wengi. Wanaangalia dirishani, anga limefunguka, lakini ubao bado unaonyesha safari imeahirishwa.

Barafu ikiganda juu ya mabawa hubadilisha namna hewa inavyopita na ndege hushindwa kupaa vizuri. Kwa hiyo kila ndege lazima inyunyiziwe kimiminika maalumu cha kuyeyusha barafu, na kimiminika hicho hukinga kwa muda mfupi tu. Foleni ya kwenda njia ya kurukia ikiwa ndefu, ndege hulazimika kurudi kunyunyiziwa upya. Wakati huohuo marubani na wahudumu wana kikomo cha saa za kazi kisheria. Saa zao zikiisha, safari husubiri wengine, hata kama ndege ipo na anga ni safi.

Ndiyo maana siku moja ya theluji huweza kuvuruga siku tatu au nne. Desemba 18, 2010, theluji ilisimamisha karibu safari zote za Uwanja wa Heathrow, London, na abiria wengi walilala sakafuni kwa siku kadhaa wakielekea Krismasi. Desemba 2, 2023, uwanja wa Munich, Ujerumani, ulisimamisha safari kwa sababu hiyohiyo. Nchini Marekani, dhoruba ya baridi ya Desemba 2022 iligeuka janga la wiki nzima kwa abiria wa shirika la Southwest, ambalo lilifuta zaidi ya safari 16,000.

Somo kwa mzazi ni moja: unapoambiwa "saa mbili zaidi", jipange kama utalala hapo.

Begi la mkononi nalo hukuacha

Wazazi wengi wanajua kwamba dawa haziwekwi kwenye begi kubwa. Kisichojulikana sana ni kwamba begi la mkononi nalo huweza kuchukuliwa. Msimu wa sikukuu ndege hujaa, makabati ya juu ya viti hayatoshi, na wahudumu huanza kukusanya mabegi ya matairi getini. Likishashuka chini, na ukakosa ndege ya kuunganisha, huenda usilione mpaka mwisho wa safari.

Suluhisho ni begi dogo la tatu, la kuvaa begani au kiunoni, linaloingia chini ya kiti cha mbele. Dawa, pasipoti na simu vikae humo. Ukiombwa kutoa begi la matairi na bado kuna dawa ndani, sema palepale kwamba ni dawa za mtoto na uzitoe kabla lebo haijafungwa. Mhudumu huombwa hivyo mara nyingi.

Wapo pia wanaoogopa sheria ya vimiminika, ile ya mililita 100, wakaishia kuweka dawa za maji kwenye begi kubwa. Hofu hiyo haina msingi. Dawa zinazohitajika safarini, maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa hata vikizidi kipimo hicho. Vitoe na uwaonyeshe wakaguzi. Dawa zibaki kwenye vifungashio vyake vyenye jina la mtoto.

Pumu, selimundu na kisukari

Kwa mtoto mwenye afya njema, kukwama uwanjani ni uchovu na njaa. Kwa mwenye maradhi ya kudumu, saa hizo zina hatari yake.

Hewa baridi na kavu ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu. Mtoto akitoka kwenye basi la uwanjani na kupanda ngazi za ndege wakati nje kuna nyuzi joto chini ya sifuri, njia zake za hewa huweza kubana ghafla. Hapa familia nyingi zinazokwenda nchi za joto hukosea: makoti hupakiwa kwenye begi kubwa kwa kuwa "tunakwenda nyumbani". Koti livaliwe mpaka mlango wa ndege ya mwisho, na skafu ifunike pua na mdomo.

Mtoto akianza kubanwa, mkalishe wima, mpe dawa kama daktari wake alivyoelekeza, na mjulishe mfanyakazi yeyote wa uwanja. Viwanja vikubwa vina huduma ya kwanza. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikivutwa ndani anapopumua, midomo ikibadilika rangi, au dawa isipomsaidia, hiyo ni dharura. Namba ya dharura katika nchi za Umoja wa Ulaya ni 112.

Kwa mwenye selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, baridi, uchovu na upungufu wa maji mwilini ni vichocheo vya maumivu makali. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, na shinikizo lake hushuka hadi kufanana na lile la mlima wa takriban mita 2,400, kwa hiyo oksijeni hupungua kidogo. Mtoto huyu anywe maji mara kwa mara hata kama hajaomba, avae soksi nzito, na dawa zake za kila siku na za maumivu ziwe kwenye lile begi dogo. Wazazi waongee na daktari wake kabla ya kukata tiketi.

Kwa mwenye kisukari, insulini haiwekwi kwenye mizigo ya chini kwa sababu huweza kuganda, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Abebe pia sindano, kipimo cha sukari na kitu kitamu cha kumwokoa sukari ikishuka.

Kila dawa ihesabiwe kwa siku za safari na kuongeza siku kadhaa. Piga picha ya cheti cha daktari chenye jina la dawa yenyewe, si jina la kibiashara peke yake, maana jina la dukani hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine. Dawa nyingi hazitolewi bila cheti, na picha hiyo humsaidia daktari wa uwanjani kuandika nyingine haraka.

Hoteli ipo, viza haipo

Usiku ule Schiphol, shirika linawapa abiria vocha za hoteli mjini. Mama anaipokea, kisha anafika uhamiaji na kurudishwa. Ana kibali cha kuishi Uingereza, lakini pasipoti yake ni ya Tanzania, na Uholanzi imo katika eneo la Schengen. Kibali cha Uingereza hakimruhusu kuingia huko bila viza. Watoto wana pasipoti za Uingereza na wangeweza kutoka. Mama yao hawezi.

Hili huwakumba wengi na hawalitarajii, kwa sababu kwenye mpango wao hawakuwa na nia ya kutoka nje ya uwanja. Ikikutokea, usiondoke kwenye dawati na vocha peke yake. Waeleze kwamba huna viza na una mtoto mgonjwa, uliza kama kuna hoteli ndani ya eneo la kuunganisha ndege (baadhi ya viwanja vikubwa, Schiphol ikiwemo, vinazo), na uombe sehemu ya kulaza watoto. Pia uliza kama unaweza kupewa njia nyingine, mfano kupitia mji mwingine hadi Nairobi au Dar es Salaam, badala ya kusubiri ndege ileile.

Tiketi nazo zina uzito wake. Safari yote ikiwa kwenye tiketi moja, shirika lina wajibu wa kukufikisha mwisho wa safari. Ukiunganisha tiketi mbili ulizonunua kwa bei nafuu sehemu tofauti, ukikosa ya pili hasara huwa yako.

Unachostahili kudai

Kwa safari zinazoanzia nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza pia, sheria inamlinda abiria. Ndege ikichelewa sana au kufutwa, shirika linatakiwa kukupa chakula, vinywaji, njia ya mawasiliano, na hoteli pamoja na usafiri kama utalala. Theluji ikiwa ndiyo chanzo, fidia ya fedha, ambayo kwa sheria ya Ulaya hufika euro 600 kwa safari ndefu, kwa kawaida hailipwi kwa kuwa hali ya hewa haiko mikononi mwa shirika. Lakini chakula na malazi hubaki palepale. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo mwaka 2013 katika kesi iliyotokana na majivu ya volkano ya mwaka 2010.

Msipohudumiwa na ukajinunulia chakula au pampasi, tunza risiti. Gharama za kawaida zinadaiwa baadaye.

Begi lisipofika, usitoke nje ya ukumbi wa mizigo kabla ya kujaza fomu na kupewa namba ya kumbukumbu. Mkataba wa Montreal, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unampa abiria siku 21 za kudai kwa maandishi tangu alipokabidhiwa mzigo uliochelewa, na siku saba kama umeharibika. Ukipita siku 21 bila kuonekana, unaweza kudai kama uliopotea.

Begi dogo liwe na nini

Usiku wa kuamkia safari, kabla ya kufunga zipu, weka ndani ya begi la chini ya kiti:

• Dawa zote za kila siku na za dharura, pamoja na vifaa vyake.
• Picha na nakala ya cheti cha daktari.
• Dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wa mtoto, na pakiti mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini.
• Pampasi za siku moja na nusu, si za saa za ndege tu.
• Nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto, soksi na kofia.
• Chakula kikavu ambacho mtoto amekizoea.
• Chaja na pawabenki, ambayo hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini.
• Namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa ajili ya simu inayozima.

Mama yule, katika mfano wetu, alimfuata mhudumu wa dawati la karibu na kusema neno moja tu alilokuwa na uhakika litaeleweka: pumu. Mtu wa huduma ya kwanza akaja na dawa, na ndani ya nusu saa kijana akawa anauliza kama bibi ameshachinja mbuzi. Walifika Marangu mchana wa Desemba 24, wakiwa na nguo walizotoka nazo Manchester. Begi la matairi lililetwa siku ya tatu baada ya Krismasi, na inhela ilikuwa imo humo humo, mfuko wa mbele.

Januari walipokuwa wanarudi, kijana mwenyewe ndiye aliyeivaa kiunoni.