Mwalimu wa Awali Asiachwe Peke Yake

Januari 2016, Tanzania Bara ilipoanza kutoa elimu bila ada kuanzia awali hadi kidato cha nne, madarasa ya awali yalifurika. Uandikishaji ulipanda kutoka takriban watoto milioni 1 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 1.5. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, lakini zilikuwapo shule ambako mwalimu mmoja alipokea zaidi ya mia, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa asubuhi nzima mbali na mama au bibi. Katika umati wa namna hiyo yumo anayelia mpaka sauti inakauka, yumo anayejikojolea kwa hofu, na yumo aliyekaa kimya pembeni, ambaye hakuna anayemwona kwa sababu hasumbui. Huyo wa mwisho ndiye anayenitia wasiwasi zaidi.

Kwenye karatasi tunajua vizuri mtoto mdogo anahitaji nini. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi unaotaja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Tanzania ikayachukua na kuyajengea programu yake ya kitaifa, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021. Sina ugomvi na jambo lolote kati ya hayo. Ila mtoto akishavuka lango la shule, yote matano hupitia mikononi mwa mtu mmoja. Mwalimu ndiye atakayegundua kwamba fulani hajala tangu jana. Ndiye atakayeamua kama kilio kitajibiwa kwa kupiga magoti na kuuliza, au kwa kukemea. Kwa hiyo tukisema tunataka ustawi wa mtoto darasani, tunazungumzia hali na ujuzi wa mwalimu wake, na namna tunavyomsaidia ajifunze kazi hii akiwa tayari yuko kazini.

Jibu letu la kawaida ni semina. Walimu huitwa wilayani kwa siku tatu au tano, hukaa ukumbini, hugawanywa katika vikundi, huandika kwenye karatasi kubwa za ukutani, kisha hupewa cheti na nauli ya kurudi. Mengi yanayosemwa humo ni ya kweli, na wakufunzi wengi wana moyo wa kazi. Shida ni kwamba kumtuliza mtoto aliyepandwa na hasira huku wengine sitini wakitazama ni ujuzi wa mwili, wa sauti na wa macho. Haukai kichwani kwa kuelezwa. Mwalimu anaweza kuandika kwa usahihi kabisa maana ya malezi yenye mwitikio, Jumatatu akarudi darasani akashindwa la kufanya mtoto wa kwanza alipomng'ata mwenzake. Hapo hurudia alichotendewa yeye alipokuwa mdogo, kwa kuwa ndicho anachokijua.

Ghana ilifanya jambo linalostahili kusomwa kwa makini na kila afisa elimu wa kwetu. Nchi hiyo iliingiza miaka miwili ya chekechea katika elimu ya msingi ya lazima mwaka 2007, na kama sisi ikajikuta na watoto wengi na walimu wasioandaliwa kwa umri huo. Katika mwaka wa masomo wa 2015/16, watafiti wakishirikiana na kituo cha taifa cha kufundishia walimu wa chekechea mjini Accra walichukua shule 240 za mkoa wa Greater Accra, za serikali na za binafsi. Walimu wa kundi moja walipata mafunzo ya siku 8 kwa jumla, yaliyogawanywa: siku 5 mwanzoni mwa mwaka, 2 katikati, 1 muhula wa mwisho. Kati ya vikao hivyo wakufunzi waliwafuata darasani, wakakaa, wakatazama, wakazungumza nao. Mafunzo yenyewe yalihusu kufundisha kwa michezo na kuongoza tabia za watoto bila vitisho.

Uhusiano wa walimu na watoto darasani uliboreka, na watoto wakapiga hatua katika kusoma, kuhesabu na kuishi na wenzao. Lakini tokeo ninalolirudia kila ninapopata nafasi ni lile la walimu wenyewe: kwao ulipungua ule uchovu wa moyo unaomfanya mtu aichukie kazi yake, na katika shule za binafsi wachache zaidi waliacha kazi. Mshahara haukuongezwa. Walichopata ni ujuzi wa kuliendesha darasa, na mtu mzima mwenzao aliyekuja kuwaona wakifanya kazi bila nia ya kuwakamata. Mwalimu asiyekuwa na hofu ya darasa lake hana haja ya kupaza sauti, na mtoto huhisi tofauti hiyo kabla hajajua herufi hata moja.

Utafiti huohuo ulikuwa na kundi jingine, ambalo walimu walipata mafunzo yaleyale na wazazi wakaitwa mikutanoni kuonyeshwa video kuhusu umuhimu wa kujifunza kwa michezo. Ungetarajia matokeo bora zaidi. Badala yake faida walizopata watoto zilififia. Wazazi wengi walikuwa na picha yao ya shule: madaftari, herufi, nidhamu ya kukaa kimya. Video chache hazikuibadilisha picha hiyo. Wazo la kwamba mzazi akielimishwa kidogo ataunga mkono tu ni wazo la haraka mno. Na kwetu pia, mwalimu anayewaacha watoto wajenge mnara wa vizibo huku shule ya jirani ikiwapa wenzao majaribio ya kuandika yupo katika mvutano na wazazi, na mafunzo yake yanapaswa kumwandaa kwa mazungumzo hayo.

Jamaica nako, mradi uitwao Irie Classroom Toolbox ulijaribiwa katika shule za chekechea 76 za Kingston na vitongoji vyake. Ulichanganya siku chache za ukumbini na msaada wa darasani wa kila mwezi. Walimu walipunguza sana kuwapiga na kuwatukana watoto. Vitendo hivyo havikuisha kabisa, na watafiti walilisema hilo waziwazi, jambo linalonifanya niamini matokeo yao.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Mombasa, katika miaka ya 1980, viongozi wa jamii ya Waislamu waliomba msaada wa Aga Khan kwa sababu watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma shuleni. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, ndiye aliyeanza kazi hiyo. Chekechea zilifunguliwa ndani ya madrasa, pale ambapo wazazi walikuwa na imani tayari. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, na 1993 Uganda. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa huohuo, wengi wenye elimu ya sekondari tu au pungufu. Mafunzo yao hayakuwa na siku ya mwisho ya karibu. Walijifunza kwa wiki kadhaa, wakarudi darasani, na wakufunzi wa kituo wakawa wanawatembelea tena na tena kwa muda mrefu, wakipanga nao kona za kuchezea, wakitengeneza vifaa kwa vifuu, makopo na vitambaa. Kamati ya shule nayo ilifundishwa, kwa hiyo mwalimu alikuwa na watu wa kumtetea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanyika Kenya, Zanzibar na Uganda, ulionyesha kwamba watoto wa chekechea hizo walipiga hatua kubwa kuliko wa chekechea nyingine, na wote waliwazidi waliobaki nyumbani.

Ninalisisitiza hili kwa sababu hoja ya kwamba walimu wetu hawana sifa inatumika vibaya. Sifa ni muhimu, na stashahada ya elimu ya awali ina thamani yake. Lakini wanawake wale wa Mombasa na Unguja walionyesha kwamba mtu asiyeachwa peke yake hukua.

Tuseme wazi pia kwamba ziara za mkufunzi hazilipi kodi ya nyumba. Kenya, tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, walimu wa elimu ya awali (ECDE) huajiriwa na serikali za kaunti, na masharti yao hutofautiana kati ya kaunti na kaunti. Mwalimu wa mkataba mfupi, asiyejua kama atakuwepo mwakani, anatakiwa kumpa mtoto hisia ya usalama ambayo yeye mwenyewe hana. Kumfundisha mtu huyo jinsi ya kuwa mtulivu bila kugusa mkataba wake ni kumwonea.

Na kuna fimbo. Kenya imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni tangu 2001. Tanzania Bara bado ina kanuni zinazomruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi vinne. Hakuna mafunzo ya ustawi wa mtoto yatakayosimama sawasawa mbele ya kanuni hiyo. Mtoto wa miaka mitano anayeiona fimbo mezani hajifunzi kuhesabu. Anajifunza kuitazama fimbo. Mkufunzi anayekwepa kulizungumza hilo kwa kuogopa kuwaudhi walimu anawanyima sehemu muhimu ya kazi yao, ambayo ni kujua la kufanya badala yake.

Vilevile mafunzo mengi huwafundisha walimu kutambua dalili za mtoto anayeumizwa nyumbani, kisha huishia hapo. Hilo ni hatari. Mwalimu aliyetambua anahitaji kujua hatua inayofuata: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, afisa ustawi wa jamii ana ofisi mahali fulani, na simu ya 116 inapokea taarifa bure, Tanzania na Kenya. Anahitaji pia uhakika kwamba mwalimu mkuu hatamwambia aache mambo ya watu.

Tanzania sasa ina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo msingi wake ni walimu kukutana shuleni mwao kujadili kazi yao. Ni wazo zuri, karibu zaidi na darasa kuliko semina yoyote. Ila mwalimu wa awali mara nyingi yuko mmoja katika shule nzima ya msingi. Wenzake wakijadili hesabu za sehemu za darasa la tano, yeye hana wa kumuuliza kuhusu mtoto asiyezungumza. Jumuiya yake iko kwa walimu wa awali wa shule nyingine za kata hiyo, na ratiba ingepangwa hivyo: wakutane kwa zamu katika darasa la mmoja wao, watoto wakiwepo.

Mtu wa kuwaunganisha yupo. Ni afisa elimu kata, ambaye ana mshahara na, tangu ugawaji wa mwaka 2018, aghalabu ana pikipiki. Akifika shuleni leo huuliza azimio la kazi na andalio la somo. Apewe kwanza mafunzo yake mwenyewe kuhusu watoto wa miaka mitano, kisha ruhusa ya maandishi ya kukaa katika darasa la awali asubuhi nzima bila kujaza fomu yoyote, na kurudi mwezi unaofuata kwa mwalimu yuleyule.