Binti Anaposhuka Mjini: Ni Kazi au ni Shuruti?

Katika basi la asubuhi litokalo Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, juu ya matenga ya kabichi na mapeasi, mara nyingi utamwona binti aliyemaliza darasa la saba. Ana begi dogo, na pembeni yake amekaa mama asiye wa kijiji kile. Hakuna anayeuliza anakwenda wapi. Anakwenda Tanga, Arusha au Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani.

Si kila safari ya namna hii ni mbaya. Wapo waliopokelewa na watu wema, wakajifunza cherehani, wakawaezekea wazazi wao bati. Lakini wapo ambao mshahara "umehifadhiwa" na mwenye nyumba mwaka mzima, geti limefungwa na simu hawapewi. Je, huyu naye tuseme ni mfanyakazi?

Huenda ukashangaa, lakini swali hili limechambuliwa sana na wanasheria wa vyuo vikuu wanaochunguza meli za uvuvi. Mwaka 2015 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walifichua mateso ya wavuvi katika visiwa vya mbali vya Indonesia. Wengi walitoka Myanmar, wakiwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand. Zaidi ya 2,000 waliokolewa. Wengine walifungiwa, lakini wengi hawakuhitaji mnyororo: bahari ilikuwa ukuta wa kutosha, na deni la dalali lilikuwa kufuli.

Wanasheria hao huanzia kwenye Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1930, ambao Tanganyika iliuridhia mwaka 1962. Mkataba unatazama mambo mawili: mtu anafanya kazi kwa kutishiwa adhabu, na hakujitolea kwa hiari yake. Adhabu si lazima iwe fimbo au jela. Kumwambia mtu, "Ukiondoka hupati hata senti ya miezi uliyofanya," nako ni kumtisha. ILO imetaja dalili 11 za kutambulisha kazi ya shuruti, zikiwamo udanganyifu, kutengwa na watu, kuzuiwa kutembea, kunyimwa mshahara na kufungwa na deni. Zisome tena dalili hizo, mama, ukiwa unafikiria geti la Dar es Salaam badala ya bahari.

Tena Usambara inaijua shuruti tangu zamani. Wakati wa Wajerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, ulianzishwa mwaka 1907 utaratibu wa kadi: kila mwanamume alitakiwa kuwafanyia kazi walowezi siku 30 katika kila miezi minne. Akishindwa, alipelekwa kazi za serikali. Katika miaka ya 1950 Waingereza nao walilazimisha matuta ya kuzuia mmomonyoko, na aliyekaidi alitozwa faini. Wanaume wengi walikuwa tambarare kwenye mashamba ya mkonge, hivyo jembe la matuta likabaki mikononi mwa wanawake. Mtawala aliita maendeleo, kama vile leo mwenye nyumba anavyoita "kumsaidia mtoto wa ndugu".

Sheria zetu haziko kimya. Ibara ya 25 ya Katiba inakataza kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikisha umri huo hupewa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia shule. Na sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu ina jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto akisafirishwa ili anyonywe, ridhaa yake si utetezi mahakamani. Ridhaa ya baba na mama vilevile si utetezi. Kwa hiyo ile soda na kitenge alichopewa mama siku ya kuagana havimsafishi aliyemchukua binti.

Kinachokosekana ni ushahidi. Mkaguzi wa kazi huingia kiwandani, lakini ni nadra kubisha hodi sebuleni kwa mtu, na binti mwenyewe mara nyingi hajui hata jina la mtaa anaokaa.

Basi kama binti yako ametimiza umri na anataka kwenda, andika kabla basi halijaondoka: jina kamili la mwajiri, mtaa, namba ya simu, mshahara na siku ya kulipwa. Mshahara uwe mikononi mwake, usiwe wa "kuwekewa". Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilitaja shilingi 40,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri, na kiwango kimepandishwa tangu hapo. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwa mwenyekiti wa kijiji. Chama cha wafanyakazi CHODAWU hupokea watumishi wa nyumbani. Na kwa mtoto aliye taabuni, namba ya kupiga ni 116, bila malipo. Mfundishe aikariri kabla hajafika Mombo.