Mkufu wa Kitaliano Uliokwisha Kuvaliwa: Thamani Inayokaa Kwenye Viungo

Dhahabu inayouzwa kwa mara ya pili hupimwa kwa njia mbili ambazo mara nyingi hazikubaliani: kwa mizani, ambayo huona uzito peke yake, na kwa jicho la mjuzi, ambalo huona pia jinsi kipande kilivyofuliwa, mahali kilikofuliwa na kiasi kilichokwisha kulika kwa kuvaliwa. Tofauti kati ya vipimo hivi viwili ni kubwa hasa kwa mikufu na bangili za Kitaliano zilizoundwa kwa viungo vinavyopinda, yaani vipete vidogo vilivyoshikana kwa namna inayofanya pambo zima lifuate shingo au kifundo cha mkono bila kukakamaa. Wakusanyaji wa Milano, London na Dubai huvitafuta vipande hivyo na kuvilipia zaidi ya uzito wake, ilhali mwenye kipande kama hicho anayelazimika kukiuza kwa haraka, mbali na masoko hayo, hulipwa kana kwamba amebeba kipande cha dhahabu kisicho na umbo. Elimu ya kutambua kilichomo mkononi ndiyo inayopunguza pengo hilo, na katika Kaunti ya Turkana, ambako Lodwar ni makao makuu na Kakuma ni makazi ya watu waliotoka nchi nyingi, elimu hiyo ina watu wanaoihitaji.

Turkana ni nchi ya mapambo tangu zamani. Eneo la makaburi la Lothagam Kaskazini, lililo karibu na ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, lilijengwa na wafugaji wa kwanza wa sehemu hizo miaka ipatayo 5,000 iliyopita, na matokeo ya uchimbuzi wake, yaliyochapishwa mwaka 2018, yanaonyesha kwamba karibu kila aliyezikwa humo, mkubwa kwa mdogo, aliwekewa mapambo yake, zikiwemo shanga za mawe ya rangi na za maganda ya mayai ya mbuni. Hadi leo mwanamke wa Kiturkana aliyeolewa hujulikana kwa alagama, pete kubwa ya metali inayokaa shingoni pamoja na shanga zake. Dhahabu yenyewe imo ardhini: katika Loima na Turkana Magharibi wachimbaji wadogo, wakiwemo wanawake wengi, hupepeta na kuosha mchanga ili kupata chembe chache, ambazo huondoka zikiwa ghafi na kufuliwa kwingine. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inataka mtu anayefanya biashara ya madini ghafi awe na kibali. Pambo lililokwisha kufuliwa ni jambo jingine, na ndilo linalohusika hapa.

Kakuma iko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar. Kambi yake ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, wakafuatwa na Waethiopia, Wasomali, Wakongo, Warundi na wengineo; mwaka 2009 maelfu ya Wasomali walihamishiwa huko kutoka kambi ya Dadaab, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa jirani. Uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 katika eneo hilo. Watu walioacha nyumba, mifugo na maduka hubeba kile kinachobebeka, na kwa wanawake wa Kisomali na wa jamii nyingine za Kiislamu kitu hicho mara nyingi ni dhahabu ya mahari, ambayo kisheria ni mali ya mke mwenyewe, wala mume hana haki ya kuigusa bila ridhaa yake. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Wasomali wengi na Waislamu wengi wa pwani ya Kenya, hayatozi zaka pambo halali linalovaliwa kwa kiasi cha kawaida, wakati madhehebu ya Hanafi hulitoza likifikia kiwango, ambacho kwa hesabu ya wanazuoni wengi wa sasa ni gramu 85. Kwa hiyo mkufu huwa pambo siku ya harusi na huwa benki siku ya dhiki, na ni haki kwamba mwenye benki hiyo ajue kilichomo ndani yake.

Jambo la kwanza ni usafi wa dhahabu, unaohesabiwa kwa karati. Karati ni sehemu moja kati ya 24, hivyo dhahabu ya karati 24 haina mchanganyiko, ya karati 22 ina sehemu 916 kwa kila 1,000, ya karati 21 ina 875, ya karati 18 ina 750 na ya karati 14 ina 585. Watu wa Ghuba, India na Pembe ya Afrika hupenda karati 21 na 22 kwa sababu rangi yake ni nzito na akiba yake ni kubwa. Wafuaji wa Italia hutumia zaidi karati 18, nao wana sababu ya kifundi: dhahabu safi ni laini, na kipete chembamba kilichofuliwa kwayo hutanuka na kufunguka, ilhali robo ya shaba, fedha na metali nyingine iliyochanganywa ndani ya karati 18 huipa nguvu ya kurudi katika umbo lake kila inapopindwa. Anayeidharau karati 18 kwa kuwa ni pungufu anasahau kwamba mkufu unaopinda usingeweza kuishi miaka 50 kwa dhahabu laini.

Jambo la pili ni alama. Sheria ya Italia ya mwaka 1968 iliagiza kila mfuaji apige alama yenye nyota, nambari yake ya usajili na herufi mbili za mkoa wake: AR kwa Arezzo, VI kwa Vicenza, AL kwa Alessandria, mkoa wenye mji wa masonara wa Valenza, na MI kwa Milano. Nambari 1 ya Arezzo ni ya UnoAErre, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1926 ambacho jina lake limetokana na alama hiyo hiyo. Kando ya alama ya mfuaji hukaa nambari ya usafi, kwa mfano 750. Maneno “Italy 750” peke yake hayatoshi, kwa kuwa mtu yeyote mwenye chapa anaweza kuyapiga, na hata alama iliyokamilika inapaswa kutafutwa mahali pawili, kwenye kishikizo na kwenye mkufu wenyewe, kwa sababu kishikizo hukatika na kubadilishwa, na alama yake haishuhudii chochote kuhusu vipete vinavyokifuata.

Ufundi wenyewe ni wa kale kuliko Italia ya leo. Katika makaburi ya kifalme ya Ur, Iraki, yenye umri wa miaka ipatayo 4,500, ilipatikana mikufu ya vipete vilivyokunjwa na kupitishwa kimoja ndani ya kingine, na Waetruski walioishi Italia ya kati kabla ya Warumi waliufikisha ufundi wa dhahabu mahali pa juu sana. Katika karne ya 20 mashine za Arezzo na Vicenza zilianza kusuka mikufu kwa wingi, na hapo ndipo aina nyingi zinazokusanywa leo zilipopatikana. Upo mkufu bapa wa mifupa ya samaki, ambao vipande vyake hulala kwa mshazari na kung'aa kama kioo. Upo mkufu wa kusukwa mithili ya kitambaa. Na upo ule wa bomba, unaoitwa tubogasi, uliotiwa umaarufu na nyumba ya Bulgari ya Roma tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Tubogasi haina lehemu, yaani haiunganishwi kwa metali iliyoyeyushwa: tepe mbili za dhahabu zenye kingo zilizoinuliwa huzungushwa juu ya mti wa ndani hadi kingo zishikane zenyewe, kisha mti huo huondolewa, na kinachobaki ni bomba linalopinda. Kampuni ya Fope ya Vicenza, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilichukua njia nyingine mwaka 2007 ilipopata hataza ya kuficha springi ndogo za dhahabu ndani ya vipete, hivyo bangili ikatanuka na kuvaliwa bila kishikizo.

Kila aina ina ugonjwa wake, na mnunuzi wa kitu kilichokwisha kuvaliwa hana budi kuujua. Mkufu wa mifupa ya samaki ukikunjwa vibaya hupata mkunjo ambao hakuna sonara awezaye kuuondoa kabisa. Tubogasi haifupishwi kwa urahisi, kwa kuwa ukiikata unafungua mzunguko mzima, na ikiwa na doa la lehemu, hasa lehemu ya kijivu yenye risasi, maana yake ni kwamba ilivunjika na ikatengenezwa na asiyeijua. Katika mkufu wa vipete vya kawaida ugonjwa uko mahali vipete viwili vinapogusana. Hapo dhahabu husuguana kila mvaaji anapopumua na kugeuka, na baada ya miaka mingi upande wa ndani wa kipete huwa mwembamba ingawa nje kingali kinang'aa. Mtaalamu hauangalii mkufu ukiwa umenyooka. Huuinamisha juu ya kidole, akafungua nafasi kati ya vipete na kukagua kwa kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara kumi kama unene wa kipete ni ule ule pande zote. Bangili hupimwa pia kwa kuishika kwa ubavu: nzima hubaki karibu sawa, iliyolegea hulala chini upande mmoja.

Hapa mazingira ya Turkana yana neno lao. Lodwar ni mji wa joto kali na upepo wa mchana, mvua yake ya mwaka haifiki milimita 300, na mchanga hupenya hadi ndani ya masanduku yaliyofungwa. Sehemu kubwa ya mchanga ni kwatzi, madini ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, huwa na 7, wakati dhahabu safi iko kati ya 2.5 na 3 na karati 18 haiizidi sana. Chembe ya mchanga ikichanganyika na jasho na mafuta ya mwili ikanasa kati ya vipete, hugeuka msasa unaosaga dhahabu mchana kutwa, na ndiyo maana mkufu unaopinda, wenye mamia ya mahali pa kugusana, huumia zaidi katika nchi ya vumbi kuliko bangili nzito isiyo na kiungo. Hata shanga za kioo, zenye ugumu upatao 5.5, hukwaruza dhahabu zikivaliwa pamoja nayo shingo moja, na pete ya chuma vile vile. Dawa yake ni rahisi: maji ya vuguvugu, sabuni ya maji isiyo kali na brashi laini, kisha kusuuza na kukausha kabisa kabla ya kuufunga mkufu peke yake ndani ya kitambaa. Dawa ya meno isitumike, kwani nayo ina chembe za kusugua, na dawa ya klorini ya kupaushia nguo ni adui mbaya zaidi, maana hushambulia metali zilizochanganywa ndani ya karati 18 na kuzipasua springi na vipete vilivyo katika mkazo.

Kuna pia swali la uwazi wa ndani. Mikufu mingi ya Kitaliano ya miaka ya 1980 na baadaye ina vipete vyenye tundu ndani ili ionekane mikubwa kwa dhahabu kidogo. Hilo si udanganyifu likisemwa wazi, ila kipete cha namna hiyo hubonyea na hakitengenezeki. Mkufu usio na uwazi unaweza kuchunguzwa kwa maji: unapimwa ukiwa mkavu, kisha ukining'inizwa kwa uzi ndani ya maji, na uzito wa kwanza hugawanywa kwa kiasi kilichopungua. Mkufu wa gramu 31 ukipungua gramu 2 una msongamano wa 15.5, unaolingana na karati 18 ya manjano, ilhali shaba nyeupe au ya manjano haifiki 9. Kwa mkufu wenye uwazi hesabu hiyo hudanganya, kwa kuwa hewa iliyonasa huupunguzia uzito ndani ya maji.

Bei nayo huanza na hesabu. Mwezi Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza katika historia, na aunsi ya masonara ni gramu 31.1, hivyo gramu ya dhahabu safi ilikuwa na thamani ya dola 128 na zaidi. Bangili ya karati 18 yenye gramu 20 ina gramu 15 za dhahabu safi, yaani kiasi cha dola 1,900 kwa bei hiyo. Anayenunua mpya hulipa juu yake ufundi, kodi na faida ya duka, na gharama hizo hazirudi anapouza. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye subira hununua iliyokwisha kuvaliwa, karibu na bei ya uzito, na kupata ufundi kwa nyongeza ndogo. Kwa muuzaji mambo ni kinyume. Akiwa mbali na soko na ana haraka ya karo au matibabu, atapewa chini ya bei ya uzito, na tubogasi halisi itaingia katika chungu cha kuyeyushia pamoja na vipande vilivyokatika. Kazi ya mikono iliyochukua siku nyingi ikipotea hivyo, hairudi tena, na aliyepoteza zaidi ni yule aliyeibeba kutoka mbali. Mwenye kipande chenye alama ya mfuaji anayejulikana ana haki ya kuomba bei mbili, ya kuyeyusha na ya kuuza kikiwa kizima, na kukataa ikiwa ya pili haitajwi.

Wauzaji na wanunuzi Waislamu wana kanuni nyingine inayowalinda wote wawili. Dhahabu kwa dhahabu haibadilishwi ila kwa uzito sawa na mkono kwa mkono, kwa hiyo mkufu wa zamani hauachwi dukani kwa mpya ulio mwepesi au mzito zaidi. Unauzwa kwa fedha taslimu kwanza, kisha mpya unanunuliwa kwa mauzo ya pili. Hadithi ya Fadhala bin Ubayd kuhusu kidani cha Khaybar, kilichokuwa na dhahabu na shanga pamoja, inaagiza dhahabu itenganishwe kwanza ndipo iuzwe, na agizo hilo linakubaliana na desturi njema ya sonara ya kutohesabu jiwe wala springi ya chuma kana kwamba ni dhahabu. Mkufu unapopelekwa kutengenezwa, upimwe kwa gramu mbele ya mwenyewe, alama zake zipigwe picha, na uzito uandikwe kwenye risiti. Ukirudi, upimwe tena kwa mizani hiyo hiyo kabla ya fedha kutolewa.