Mbegu ya Chinsaga Haiamshwi kwa Haraka

Septemba iliyopita mzazi mmoja wa upande wa Borabu, Nyamira, alinijia amekata tamaa. Yeye na wanawe walikuwa wamelima tuta nyuma ya jiko, wakatia samadi, wakamwaga mbegu za chinsaga na kunyunyizia maji kila jioni. Wiki tatu baadaye palikuwa na magugu tu. Watoto walikwisha kurudi kwenye simu zao, naye akaamini kwamba udongo wa boma lake umechoka. Nikamuuliza mbegu alizitoa wapi. Akasema alizipukuchua mwenyewe wiki ile ile aliyopanda, kutoka kwa mashina yaliyojiotea kando ya migomba.

Udongo haukuwa na kosa. Mbegu zilikuwa zimelala.

Hiyo ndiyo tabia ya chinsaga, ambayo kwa Kiswahili ni mgagani. Mbegu iliyotoka kwenye ganda juzi ni hai kabisa, lakini haioti hata uibembeleze vipi. Hutaka kukaa pakavu miezi mitatu, minne, mara nyingine hata sita, ndipo iamke. Ikishaamka, bado mwanga huizuia: iliyoachwa wazi juu ya udongo huota kwa shida, iliyofunikwa huota vizuri. Tena hupenda joto, na asubuhi za Nyamira zenye ukungu hazina joto la kutosha. Lakini usiizike chini sana, maana ni ndogo mno na nguvu zitaiishia kabla haijachomoza. Udongo laini wa kina cha sentimita moja watosha. Changanya mbegu na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga kwenye mfereji, la sivyo zitaota zimesongamana pahali pamoja.

Kina magokoro, yaani bibi zetu, walianika maganda, wakapukuchua, wakachanganya mbegu na majivu na kuzihifadhi kwenye kibuyu au chungu jikoni, penye moshi. Majivu yalinyonya unyevu na kuwafukuza wadudu. Hakuna aliyegusa chombo hicho hadi msimu mwingine. Tuliosomea kilimo tumepima na kueleza sababu, ila kazi yenyewe tuliikuta imekwisha kufanywa, na wanawake walioifanya hawatajwi vya kutosha.

Ujuzi huo ulianza kupotea mashamba yalipobanana. Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Kipande alichoachiwa mtoto na babake kikagawanywa tena kwa wanawe, kisha chai, ndizi na mikaratusi vikachukua sehemu kubwa ya kilichobaki. Tuta la mboga likasogezwa hadi likaisha. Pakibaki nafasi, sukuma wiki ndiyo ilipandwa, na chinsaga ikawa ya kununuliwa sokoni Daraja Mbili au Keroka, kwa bei inayopanda kila kiangazi kinapoingia. Wapo pia walioona haya kulima kile walichofundishwa kukiita gugu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga hizi za kienyeji na kuzitetea, nami namshukuru kwa hilo.

Kwa familia inayotaka kurudi bustanini, ushauri wangu ni kuanza na tuta moja: upana wa mita 1 ili mtoto afikie katikati bila kulikanyaga, urefu wa mita 3. Kwenye mteremko lilale kukingama, lisifuate maji yanakoelekea. Udongo wetu mwekundu ni wa kina na wenye rutuba, ingawa kwenye ukanda wa chai huwa na asidi. Majivu kidogo ya jikoni husaidia. Samadi iwe imeoza vizuri.

Kalenda ya shule inaafikiana na mmea huu ajabu. Panda mvua za Machi zinapoanza, na likizo ya Aprili itawakuta watoto na majani ya kwanza. Kazi yao iwe kuchuma ncha na kuvunja maua machanga kila yanapojitokeza, kwani shina likiachwa lichanue hupunguza majani na kuhamishia nguvu kwenye maganda. Ukiwa na rinagu, yaani managu, mkono ni ule ule: kata shina kuu likifika urefu wa kiganja, litoe matawi ya pembeni. Waambie watoto wasile tunda la managu lililo bichi, lina sumu.

Harufu kali ya chinsaga wasiichukie. Watafiti wameona kwamba hufukuza hata kupe. Uchungu wake nao unapoa ikichemshwa kisha ikalazwa kwenye maziwa, kama apikiwavyo mama aliyejifungua. Mafuta ya maziwa hayo husaidia mwili kufyonza karotini, chanzo cha vitamini A, iliyomo kwenye majani. Tahadhari yangu ni moja: kila mara maji ya kuchemshia yanapomwagwa, vitamini C nyingi huenda nayo. Chemsha kwa maji machache, na usiyabadilishe mara tatu kwa ajili ya uchungu ambao ulimi wa mtoto utauzoea.

Mashina mawili au matatu yaliyo bora yasichumwe hata jani. Yafungiwe uzi ili mgeni asiyavune. Maganda yakigeuka manjano, yakatwe kabla hayajapasuka, yaanikwe barazani mvua isikofika. Likizo ya Agosti ni ya kupukuchua. Mbegu ziingie kwenye kopo kavu pamoja na majivu, tarehe iandikwe juu, kopo lifungwe hadi Machi.

Yule mzazi wa Borabu hakuzitupa mbegu zilizobaki. Alizifungia koponi, akazipanda tena Machi mwaka huu kwenye tuta lile lile. Siku ya saba binti yake mdogo alinipigia simu akiwa amechuchumaa bustanini, ananihesabia miche mmoja mmoja. Alikuwa amefika 41 mvua ilipomkimbiza ndani.