Wakili wa Bure Anahitajika Mwanzoni, Si Mwishoni

Kwa zaidi ya karne moja sheria ya Marekani ilimzuia askari wa zamani kumlipa wakili malipo ya maana. Mwaka 1864, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikiendelea, Bunge liliweka kikomo cha dola 10 kwa atakayemsaidia askari au mjane kudai mafao. Nia ilikuwa kuwakomesha matapeli, na haikuwa nia mbaya. Lakini kikomo hicho cha dola 10 kilidumu hadi 1988, wakati fedha hiyo haikutosha kumlipa wakili hata kwa saa moja. Mwaka 1985 maveterani waliodai kuathiriwa na mionzi ya nyuklia walikipinga mbele ya Mahakama ya Juu, nao wakashindwa. Majaji walio wengi walisema dai la mafao si kesi ya mabishano: mwombaji hashindani na mtu, na ofisi ya serikali inayotoa mafao yenyewe ina wajibu wa kumsaidia. Dhana hiyo bado inatawala mpangilio wa msaada wa kisheria kwa maveterani, na naona imeuelekeza msaada huo mahali ambapo madhara yameshatokea.

Tazama dai lenyewe lilivyo. Askari wa zamani anayeomba fidia ya ulemavu huthibitisha mambo matatu: kwamba ana ugonjwa au jeraha sasa, kwamba kuna tukio lililompata jeshini, na kwamba hayo mawili yanahusiana. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Sheria haimtaki awe na uhakika. Mizani ikikaa sawa, yeye ndiye hupewa ushindi. Lakini nusu hiyo lazima ifikiwe: daktari akiandika kwamba maumivu ya mgongo “huenda” yalitokana na ajali ya jeshini, barua yake haina uzito. Akiandika kwamba uwezekano wa kutokana na ajali hiyo haupungui nusu, kisha akaeleza sababu, dai limepata miguu. Mgonjwa ni yuleyule na daktari ni yuleyule, ila barua ya pili imeandikwa na mtu aliyedokezwa sheria inauliza nini. Kuna pia wale ambao kumbukumbu zao hazipo kabisa: moto wa Julai 1973 katika hifadhi ya kumbukumbu za kijeshi eneo la St. Louis uliteketeza mamilioni ya majalada, mengi yakiwa ya jeshi la nchi kavu. Wao hulazimika kujenga ushahidi upya kwa barua za zamani na maelezo ya wenzao wa kikosini.

Ofisi isiyobishana nawe inaweza bado kukufungia mlango. David Henderson alitumikia jeshi enzi za vita vya Korea, akaachishwa mwaka 1952 kwa ugonjwa mkali wa akili, na serikali ikamtambua kuwa mlemavu kwa asilimia 100. Alipoomba nyongeza ya kuhudumiwa nyumbani alikataliwa. Alikuwa na siku 120 za kwenda mahakamani, naye, akiwa hana wakili, alichelewa kwa siku 15. Alieleza kwamba ugonjwa wenyewe ndio uliomchelewesha, lakini rufaa ikatupwa. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliamua kwamba muda huo si ukuta usioweza kuvukwa. Wakati huo Henderson alikuwa keshafariki, na mjane wake ndiye aliyeendeleza shauri. Kwa kazi ya wakili, kuhesabu siku 120 ni jambo dogo mno.

Sheria ikalegezwa 1988 na tena 2006. Leo wakili anaweza kutoza, na asilimia 20 ya malimbikizo ya mafao huhesabiwa kuwa malipo ya haki. Mahakamani, mteja akishinda, mara nyingi serikali ndiyo hulipa. Lakini hawezi kutoza chochote kwa dai la kwanza, kabla ofisi haijatoa uamuzi. Soko la mawakili basi linaanza pale ambapo dai limekwishakataliwa. Hatua ya mwanzo, ambako jalada hujengwa au huharibiwa, imeachwa kisheria kwa anayesaidia bure.

Hali ni hiyohiyo kwa hati ya kuachishwa jeshi, na hapa ndipo pazito zaidi. Askari aliyeondolewa kiutawala kwa sababu ya utoro au bangi anaweza kukosa matibabu na fidia hata kama alikuwa vitani. Utambuzi wa kitabibu wa kiwewe cha baada ya vita uliingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980 tu, kwa hiyo wengi waliotoka Vietnam wamekunja uso, wamelewa na hawatii amri waliandikwa watovu wa nidhamu. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliagiza bodi za marekebisho ziyaangalie maombi ya namna hiyo kwa huruma zaidi. Agizo lilikuwa zuri, lakini bodi haimfuati mtu nyumbani. Lazima aombe, akiwa na ripoti ya daktari na maelezo yanayounganisha kosa na ugonjwa. Akishinda, mara nyingi hapati malimbikizo ambayo wakili angeweza kukata fungu lake. Kwa mhamiaji, akiwemo anayetoka Afrika Mashariki, hatari inazidi: uraia uliopatikana kwa utumishi wa jeshi unaweza kufutwa akiachishwa vibaya kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima.

Kuna wanaosema vyama kama American Legion vina wasaidizi wa bure, basi yatosha. Kwa dai jepesi, kwa mfano la masikio yaliyoharibiwa na mizinga, inatosha kweli, tena wengi wao ni mahiri. Ila wengi si mawakili, na jalada lenye ugonjwa wa akili na hati mbaya linahitaji mtu anayejua kuandika hoja ya kisheria.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwa nini askari apewe wakili, na mama anayefukuzwa na mwenye nyumba asipewe? Huyo mama naye anastahili, sibishi. Lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1950 askari hawezi kuishtaki serikali kwa madhara yanayotokana na utumishi wake, hata yakiwa ya uzembe wa daktari wa jeshi. Mafao ndiyo njia karibu pekee aliyoachiwa, na upande anaoudai ndio ulioandika rekodi zake na hati yake.

Akiwa na sare, askari ana ofisi ya sheria ya kambini, bila malipo. Akitoka kabla ya kustaafu rasmi, na wengi hutoka hivyo, kwa kawaida haki hiyo hukoma. Wakati huohuo dai la fidia laweza kufunguliwa kati ya siku 180 na 90 kabla ya kuondoka. Wakili wa kambini apewe jukumu la kusoma jalada la matibabu katika siku hizo, angali ana mteja wake na daktari wa kikosi yuko ng'ambo ya uwanja wa gwaride.