Shamba Lako Limeandikwa Wapi?

Muswada wa kipindi cha redio kwa wakimbizi wa Kongo walioko nchi jirani. Unaweza kusomwa kwa sauti katika kikundi cha wasikilizaji, watu wawili wakipokezana.

[MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUKA CHINI YA SAUTI.]

SAUTI YA 1: Uwe Nyarugusu nchini Tanzania, Musasa au Bwagiriza nchini Burundi, Nakivale au Kyangwali nchini Uganda, au Kiziba nchini Rwanda, karibu tena. Keti, na mwite jirani yako naye asikie.

SAUTI YA 2: Leo tunajibu swali linaloulizwa kwenye foleni ya mgao na kwenye bomba la maji: shamba nililoliacha nyumbani bado ni langu? Na nitajuaje, nikiwa huku mbali?

SAUTI YA 1: Hatuwezi kukujibu kama bado ni lako. Tunaweza kukueleza kumbukumbu za shamba huwekwa wapi, nani anazishika, na namna ya kuziulizia bila kujitia hatarini.

[MUZIKI MFUPI]

SAUTI YA 2: Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya msingi ya ardhi ya Kongo ni ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Inasema udongo ni mali ya Serikali pekee. Raia hapati udongo wenyewe, anapata haki ya kuutumia. Haki hiyo huitwa konsesio, na kwa raia wa Kongo inaweza kuwa ya kudumu.

SAUTI YA 1: Hapo babu mmoja atasema: "Mimi sina konsesio. Shamba nilipewa na baba, naye alipewa na Mwami." Ni kweli, babu, na ndivyo ilivyo vijijini kwingi. Sheria ile ya 1973 iliahidi kwamba haki za mashamba ya kimila zingepangwa kwa agizo la Rais. Agizo hilo halikutolewa. Lakini Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inasema Serikali inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kwa hiyo kukosa hati si kukosa haki. Ila ushahidi wako utautafuta mahali pengine.

SAUTI YA 2: Ndiyo maana kabla ya kumtuma mtu yeyote, jiulize kwanza: shamba langu ni la aina gani? Tuseme ziko aina tatu.

SAUTI YA 1: Aina ya kwanza ni shamba lenye hati kamili. Karatasi yake imeandikwa juu, kwa Kifaransa, "Certificat d'enregistrement". Hati hii huandikwa nakala mbili. Moja anapewa mwenye shamba. Nyingine hubaki ofisini, ndani ya kitabu kikubwa cha usajili, chini ya msajili wa hati ambaye watu humwita konsevateri.

SAUTI YA 2: Sikiliza vizuri hapo. Kama nyumba yako ilichomwa na hati ikaungua, ukurasa wako ndani ya kitabu haukuungua pamoja nayo. Ukurasa huo una namba mbili: namba ya kitabu, inayoandikwa "Vol.", na namba ya ukurasa, inayoandikwa "Folio". Mwenye namba hizi mbili akifika kwa konsevateri, kazi inakuwa nyepesi. Asiyekuwa nazo atatafuta kwa jina la mwenye shamba na kwa mahali lilipo. Hapo inahitajika subira.

SAUTI YA 1: Aina ya pili ni shamba ambalo safari ya kupata hati ilianza, haikumalizika. Labda wapimaji walikuja, wakapima, wakaweka mawe ya mipaka, kisha vita vikaja. Kumbukumbu yake iko kadastri, ofisi ya wapimaji. Huko kuna mchoro wa shamba, ripoti ya kupima na kuweka mipaka, na namba ya kiwanja. Kwa mashamba ya vijijini, namba hiyo mara nyingi hutanguliwa na herufi SR, na ya mjini SU. Hata risiti ya zamani yenye namba hiyo ni kitu cha maana.

SAUTI YA 2: Na aina ya tatu?

SAUTI YA 1: Shamba la kimila. Hili halimo katika kitabu cha konsevateri. Ulizia kwa chefu wa kijiji, kisha grupema, kisha sheferi au sekta. Huko kunaweza kuwa na karatasi ya mauzo iliyowekwa muhuri, daftari la watu waliogawiwa ardhi, au risiti za malipo ya kimila. Karatasi nyingine zinaweza kuwa kwa mzee aliyekuwa shahidi, au kwa karani wa zamani.

SAUTI YA 2: Na kama hakuna karatasi hata moja?

SAUTI YA 1: Wapo watu. Majirani wa pande zote nne, mzee aliyewaona mkilima, aliyekuuzia au watoto wake. Ipo na mipaka yenyewe: mto, njia, mstari wa mikaratusi, makaburi ya wazazi. Mbele ya baraza na mbele ya korti, maneno ya mashahidi yana uzito. Lakini wazee hufariki, na mti hukatwa. Kwa hiyo anza sasa, ukiwa bado na wa kumuuliza.

[MUZIKI MFUPI]

SAUTI YA 2: Tuchukue mfano. Si mtu halisi, lakini wengi mtajiona ndani yake. Mama mmoja anatoka teritwari ya Fizi, sekta ya Mutambala. Mume wake alinunua shamba la mihogo kutoka kwa jirani, mbele ya chefu. Wakakimbia. Mume akafariki kambini. Sasa mama anapigiwa simu na shemeji yake: "Nitume pesa, nikuandikie shamba kwa jina langu, lisije likachukuliwa." Mama afanye nini?

SAUTI YA 1: Kwanza, asiharakishe kutuma pesa. Shemeji anaweza kuwa mwema. Lakini shamba likiandikwa kwa jina la shemeji, kwenye karatasi ni la shemeji, na kesho ni la watoto wa shemeji.

Pili, achukue daftari na kuandika yote anayoyakumbuka. Jina la kijiji, grupema, sekta na teritwari. Mwaka wa kununua. Jina la aliyeuza. Majina ya waliokuwepo siku ile. Majirani wa kila upande. Mipaka. Nini kilipandwa. Kama ana mtoto mkubwa aliyelima pale, wachore pamoja. Karatasi hiyo haina muhuri, lakini bila hiyo hakuna anayeweza kumtafutia.

SAUTI YA 2: Na wewe unayesikiliza, fanya hivyo wiki hii. Wapo vijana waliozaliwa kambini wasiolijua hata jina la kilima chao. Mzazi akiondoka duniani bila kusema, shamba limepotea mara ya pili.

SAUTI YA 1: Tatu, mama akusanye karatasi za familia. Hapa wengi husahau. Ili kuthibitisha kwamba shamba la marehemu ni la watoto wake, itabidi kuonyesha kwamba amefariki, na kwamba hao ni watoto wake. Kwa hiyo cheti cha kifo kilichotolewa ukimbizini, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi ya ndoa navyo ni kumbukumbu za shamba. Usipuuze kumwandikisha mtoto anapozaliwa kambini.

SAUTI YA 2: Kuhusu urithi, sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haitofautishi mtoto wa kike na wa kiume. Watoto wa marehemu ndio warithi wa kundi la kwanza, na wao hupata robo tatu ya mali. Mjane yumo katika kundi la pili pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu, na ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyoishi na mume wake. Kwa hiyo mtu akikuambia "mtoto wa kike harithi shamba", anakuambia desturi ya kwao. Sheria haisemi hivyo.

[MUZIKI MFUPI]

SAUTI YA 1: Sasa, nani aende kuulizia? Ofisi ya konsevateri haiko kila kijiji. Ofisi moja huweza kuhudumia teritwari kadhaa, na safari ni ndefu. Kama una ndugu unayemwamini karibu na ofisi hiyo, mwandikie barua ya uwakilishi. Itaje jina lake, shamba lenyewe, na kazi unayompa: kuulizia kumbukumbu na kukuletea majibu. Andika wazi kwamba hana ruhusa ya kuuza, kukodisha wala kubadilisha jina. Ofisi ikitaka barua iliyothibitishwa na mthibitishaji wa Serikali, uliza watoa msaada wa sheria kambini namna ya kuipata.

SAUTI YA 2: Usimpe hati ya asili. Mpe nakala. Hati ya asili ikae nawe, ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pasipovuja.

SAUTI YA 1: Na malipo? Huduma nyingine zina ada. Ilipwe kwa njia rasmi, na risiti itolewe. Komisioneri anayekupigia simu akisema "nina mtu ndani ya ofisi, tuma pesa leo, kesho bei inapanda", mwache. Na usimtumie kila mtu picha ya hati yako kwa simu. Picha yenye namba zote na jina lako ni chakula cha mtengeneza hati bandia.

SAUTI YA 2: Mjumbe wako akifika, aulize mambo manne. Shamba hili liko katika kitabu? Kama lipo, limeandikwa kwa jina la nani, tangu tarehe gani? Kuna deni au kesi iliyoandikwa juu yake? Na kuna mtu aliyeomba kuandikishiwa eneo hili hivi karibuni?

SAUTI YA 1: Swali la mwisho ndilo zito. Kabla Serikali haijampa mtu ardhi ya kijijini, sheria inataka uchunguzi ufanyike pale pale, na ilani itolewe, ili mwenye haki apate kusema. Lakini wewe uko kambini. Ilani ikibandikwa, nani atakuambia? Kwa hiyo mwombe jirani au ndugu aliyebaki akupe habari akiona wapimaji wanapita.

SAUTI YA 2: Na ukisikia hati imetolewa kwa mtu mwingine, usikae. Hati ya usajili ikitimiza miaka 2 tangu itolewe, ni vigumu mno kuivunja. Mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia. Ndani ya miaka hiyo 2 nafasi yako ni kubwa zaidi. Mwandikie konsevateri pingamizi, bakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha tafuta wakili au mtoa msaada wa sheria.

SAUTI YA 1: Kesi zenyewe hugawanyika hivi. Mgogoro wa shamba la kimila huenda Korti ya Amani. Mgogoro wa shamba lenye hati huenda korti kubwa, "Tribunal de grande instance". Lakini kwa shamba la kimila, baraza la wazee na upatanisho vijaribiwe kwanza. Mkipatana, maneno yaandikwe, mashahidi waweke sahihi, kila upande ubaki na nakala.

[MUZIKI MFUPI]

SAUTI YA 2: Dada, kuna hofu moja ambayo watu huisema kwa sauti ya chini. "Nikiulizia shamba langu Kongo, si watasema nimerudi kwenye ulinzi wa nchi yangu? Si nitanyang'anywa ukimbizi?"

SAUTI YA 1: Ni swali la haki, kaka. Mwongozo wa UNHCR kuhusu hadhi ya mkimbizi unaeleza kwamba kuomba karatasi kama cheti cha kuzaliwa, au huduma inayofanana na hiyo, hakuhesabiwi kuwa kurudi kwenye ulinzi wa nchi yako. Hata hivyo, kabla ya kwenda ubalozini, au kabla ya kuvuka mpaka wewe mwenyewe, pita kwanza ofisi ya ulinzi ya UNHCR kambini. Wao wataitazama hali yako wewe.

SAUTI YA 2: Na usalama kwanza. Kama aliyekufukuza ndiye anayekalia shamba lako, au ndiye mwenye nguvu pale kijijini, kumtuma ndugu yako kuulizia ni kumweka hatarini. Pale penye kundi lenye silaha, ngoja. Karatasi inayotolewa na mtu asiyewekwa na sheria inaweza kukataliwa kesho. Wakati unangoja, bado unaweza kuandika, kuchora, kukusanya vyeti na kuzungumza na mashahidi waliokimbia pamoja nawe. Huenda jirani yako wa mpaka wa mashariki yuko hapo hapo, zoni ya pili.

SAUTI YA 1: Mwaka 2005, Umoja wa Mataifa ulipokea Kanuni za Pinheiro, zinazosema kwamba mkimbizi ana haki ya kurudishiwa nyumba na ardhi aliyonyang'anywa bila haki, au kulipwa fidia pale ambapo kurudishiwa haiwezekani. Haki hiyo haikungoji urudi nyumbani ndipo ianze. Lakini siku ya kuidai, utaulizwa: lilikuwa wapi, lilipakana na nani, nani alijua?

SAUTI YA 2: Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni moja. Chukua daftari. Keti na mzee wa familia, na watoto wawepo. Andikeni.

SAUTI YA 1: Maswali yako mpe kiongozi wa kikundi chenu cha wasikilizaji. Ubaki salama.

[MUZIKI WA KUFUNGIA]

MASWALI YA KIKUNDI

1. Shamba la familia yako ni la aina gani kati ya zile tatu?
2. Ni nani hapa kambini anayeweza kuwa shahidi wako? Umekwisha kuzungumza naye?
3. Ni cheti gani cha familia bado hamna, na kinaombwa wapi?
4. Mama wa mfano wetu amjibu nini shemeji yake, bila kuvunja undugu?