Vaa kwa Ajili ya Maji, si Jua

Tarehe 22 Machi 1993 kundi la wanafunzi lilitoka kwa kayaki, ile mitumbwi myembamba ya kupigwa kasia, katika Ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza. Upepo uliwasukuma mbali na pwani, na vijana wanne walipoteza maisha. Mwaka 1995 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kudhibiti vituo vya michezo hiyo.

Sisi tuliozoea bahari yenye uvuguvugu hudhani kwamba anayekufa maji ni yule asiyejua kuogelea. Kwenye maji baridi sivyo. Mtu akitumbukia, mwili hushtuka, naye huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Kichwa kikiwa chini, huvuta maji. Baada ya dakika kumi hivi vidole hufa ganzi, hata kasia halishikiki. Hodari wa kuogelea naye huzama.

Kosa kubwa ni kuchagua nguo kwa kutazama anga. Huko Uingereza, mwezi wa Aprili, jua laweza kuleta nyuzi 20 za Selsiasi, kumbe bahari bado iko kwenye 10. Na maji hunyang'anya mwili joto upesi mara 25 hivi kuliko hewa.

Mavazi ni ya namna mbili. La kwanza ni la mpira mzito unaobana mwili. Huruhusu maji machache kuingia, nayo hupashwa joto na mwili. Likipwaya halifai kitu, kwa maana maji baridi huingia na kutoka. La pili halipitishi maji kabisa. Shingoni na mikononi hufungwa kwa mpira laini. Lakini lenyewe halina joto, hivyo ndani yake huvaliwa sufu, wala si pamba, maana pamba ikilowa haihifadhi joto. Maji yakiwa baridi sana, au safari ikiwa mbali na ufuko, hili la pili ndilo la kutegemewa.

Juu ya yote huvaliwa jaketi la kujiokolea, likiwa limefungwa sawasawa. Kisha vazi lijaribiwe kwanza kwenye maji ya kina kifupi, karibu na wenzako.

Ukilivaa utatoka jasho juani. Vumilia: jasho hukauka, na ukizidiwa, maji ya kujipoza yako pembeni yako.